Jozi, jigso, timu au utafiti: kazi ipi ya vikundi inafaa somo lako?

Mwalimu akisema "leo tunafanya kazi ya vikundi", bado hajasema atafanya nini. Huenda anakusudia wanafunzi wageukiane wawili wawili kwa dakika tatu. Huenda anakusudia timu zitakazosoma pamoja mwezi mzima huku kila mmoja akipimwa peke yake. Vyote huitwa vikundi, ilhali vinatofautiana kwa muda, kwa maandalizi, kwa kelele na kwa aina ya maarifa vinayojenga. Mimi huvipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: mwanafunzi akiamua kutegea, nani atamgundua, na baada ya muda gani?

Swali hilo lina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, akaona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kutovuta kwa pamoja. Lakini mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliwataka watu wapige makofi na kupaza sauti, kwanza peke yao kisha wakiwa wengi, wakaonyesha kwamba sehemu nyingine ni mtu kupunguza bidii tu. Wanasaikolojia hao hao walionyesha baadaye jambo linalomhusu mwalimu moja kwa moja: mtu akijua kwamba mchango wake utatambulika kuwa ni wake, kutegea hupungua sana. Kwa hiyo kabla ya kuwalaumu wanafunzi wavivu, tazama kwanza kazi uliyowapa ilipangwaje.

Karatasi moja, vichwa sita

Nianze na ile ninayoipenda kidogo kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi. Mwalimu anagawa darasa katika vikundi vya watu sita au wanane, anaandika swali ubaoni, kila kikundi kinapata karatasi moja, kinachagua kiongozi na katibu, na mwishoni mwakilishi anasimama kuwasilisha. Inaandaliwa kwa dakika mbili. Hiyo ndiyo sifa yake kuu, na karibu ndiyo ya mwisho.

Ipitishe kwenye swali letu. Anayeandika ni mmoja. Anayewasilisha ni mmoja, mara nyingi yule yule. Waliobaki wanaweza kupitisha kipindi kizima bila kutamka neno, na alama wakapata sawa na wenzao. Ukubwa nao unachangia. Kikundi cha watu wanne kina jozi 6 za watu wanaoweza kuzungumza. Cha watu sita kina jozi 15. Cha wanane kina 28. Hakuna mazungumzo ya robo saa yanayoweza kuhudumia jozi 28, kwa hiyo kikundi hujigawa chenyewe: watatu wanafanya, watano wanatazama.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Noreen Webb, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wanavyosaidiana katika vikundi, hasa vya hisabati, aligundua kwamba anayemweleza mwenzake hatua kwa hatua hujifunza, na kwamba anayepewa jibu tupu bila maelezo hafaidiki. Sasa fikiria karatasi moja inayotakiwa kukabidhiwa baada ya dakika kumi na tano. Nani ana muda wa kumweleza mwenzake? Anayejua anaandika, asiyejua ananakili, na pengo kati yao linapanuka ndani ya kazi iliyokusudiwa kulipunguza.

Ina mahali pake, lakini. Unapotaka kubungua bongo, yaani kukusanya mawazo mengi bila kuyahukumu, au kutengeneza kitu kinachohitaji mikono mingi kama ramani kubwa ya ukutani, itumie bila wasiwasi. Kwa kufundisha dhana mpya, ningechagua yoyote kati ya zifuatazo.

Jozi dhidi ya mjadala wa darasa zima

Hapa mshindani wa jozi ni ule mjadala wa kawaida: mwalimu anauliza, mikono inanyooshwa, mmoja anajibu. Piga hesabu. Darasa la wanafunzi 40 likipewa dakika 10 za mjadala, na muda ugawanywe kwa haki kabisa, kila mmoja anapata sekunde 15 za kusema. Haugawanywi kwa haki, kila mwalimu analijua hilo. Dakika zile zile zikitumika kwa jozi, kila mmoja anaweza kuzungumza kwa dakika tano, kwa kuwa nusu ya darasa inasema kwa wakati mmoja.

Mpangilio maarufu zaidi wa jozi ni fikiri, jadili wawili wawili, shirikisha darasa. Aliyeuanzisha ni Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 1981. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye uzito. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Kwa hiyo toa nusu dakika ya ukimya, na uwatake waandike japo mstari mmoja daftarini. Asiyekuwa na mstari anaonekana papo hapo. Mwenzake wa pembeni anamwona, na wewe ukipita unamwona.

Hatua ya mwisho nayo ina ujanja mdogo. Badala ya kuuliza "umepata nini?", uliza "mwenzako amesema nini?" Swali hilo linamlazimu kila mmoja awe amesikiliza. Pia linamlinda mwenye haya, maana anabeba wazo la mwingine na hata likiwa na kasoro aibu si yake.

Udhaifu wa jozi ni kwamba watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya kosa na kufurahi. Hakuna wa tatu wa kuwapinga. Ndiyo maana nisingeiacha ibebe mada nzima: ni chombo cha dakika tatu hadi tano, ndani ya somo linaloongozwa na mwalimu, mara mbili au tatu kwa kipindi. Idadi ikiwa witiri, watatu wakae pamoja. Usimwache mtu awe jozi yako, kwa sababu utashindwa kuzunguka.

Ukitaka kupanda ngazi moja bila kubadilisha ratiba, ipo mbinu ya namba iliyoenezwa na Spencer Kagan. Vikundi vya watu wanne, kila mmoja ana namba kuanzia 1 hadi 4. Swali linatolewa, wanajadiliana hadi wahakikishe kila mmoja anaweza kujibu, kisha mwalimu anataja namba, tuseme 3, na akina namba 3 wote wanasimama. Kazi inayofanyika kabla ya namba kutajwa ndiyo inayofundisha: hakuna anayejua kama ataitwa yeye, kwa hiyo mwenye uelewa analazimika kumfundisha asiye nao. Kwa marudio ya somo, kwa msamiati na kwa hatua fupi za hesabu ni bora kuliko jozi. Kwa maswali ya maoni haina maana sana, maana hakuna jibu moja la kuhakikisha.

Jigso na timu: zinafanana kwa mbali tu

Hizi mbili huchanganywa, na ukichagua isiyo yake utaambulia kipindi kizuri chenye matokeo mabaya. Zinastahili kuwekwa ubavu kwa ubavu.

Jigso ilizaliwa mwaka 1971 mjini Austin, Texas. Shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico waliokuwa wametenganishwa, na madarasa yakajaa uhasama. Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu waliingia madarasani wakaona kwamba somo lenyewe lilikuwa shindano: mwalimu anauliza, mikono inagombea, na anayekosea anawafungulia wenzake nafasi ya kung'ara. Wakabadilisha mpango. Somo likakatwa vipande, kila mwanafunzi akapewa kimoja ambacho wenzake hawana, na jaribio likahusu vipande vyote. Mtoto aliyekuwa akipuuzwa akawa na kitu ambacho wenzake hawawezi kufaulu bila hicho. Ndiyo sababu hadi leo jigso husifiwa kwanza kwa kujenga mahusiano, na hilo ni sahihi.

Kwa vitendo iko hivi. Chukua mada ya mifumo ya mwili na uigawe sehemu nne: mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa damu, upumuaji, utoaji takamwili. Kila kikundi mama kina watu wanne, kila mmoja na kipande chake. Wanasoma, kisha wanaondoka kwenda kukutana na wenzao wa kipande kimoja katika vikundi vya wabobezi. Huko wanakubaliana nini ni muhimu, watachora nini, watauliza nini. Wanarudi vikundi mama na kila mmoja anafundisha. Mwishoni kila mtu anafanya jaribio la mada nzima, peke yake.

Timu zilizobuniwa na Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins zinakwenda njia nyingine. Hapa mwalimu anafundisha darasa zima kama kawaida. Halafu timu za watu wanne wenye uwezo mchanganyiko zinafanya mazoezi pamoja, zikikaguana na kuelekezana hadi wote waelewe. Kisha kila mmoja anafanya jaribio bila msaada. Timu inapata pointi kutokana na jinsi kila mwanachama alivyojipita mwenyewe, alama alizopata zenyewe zikiwekwa kando.

Hesabu ya pointi hizo inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo injini. Kila mwanafunzi ana wastani wake wa awali. Akishuka chini ya wastani huo kwa zaidi ya alama 10, analetea timu pointi 5. Akishuka kwa alama 1 hadi 10, pointi 10. Akiufikia au kuupita kwa hadi alama 10, pointi 20. Akiupita kwa zaidi ya 10, au akipata zote, pointi 30. Mwenye wastani wa 45 akipata 57 ameleta pointi 30. Mwenye wastani wa 88 akipata 86 ameleta 10. Siku hiyo dhaifu wa timu ndiye aliyeibeba, na wote wanajua. Hesabu ya aina hiyo hubadilisha namna wenzake wanavyomsikiliza kwenye mazoezi kuliko hotuba yoyote ya mwalimu kuhusu kusaidiana.

Sasa tofauti. Ya kwanza ni aina ya maarifa. Jigso inadai mada inayokatika, yaani vipande ambavyo mtu anaweza kuelewa kimoja kabla ya vingine: sababu mbalimbali za tukio la kihistoria, aina za udongo, wahusika wa hadithi, mifumo ya mwili. Timu za Slavin zinafaa palipo na jibu sahihi na ujuzi unaokomaa kwa mazoezi: hesabu, sarufi, tahajia, kusoma grafu. Ukilazimisha jigso kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, aliyepewa kipande cha mwisho hawezi kukielewa bila cha kwanza, na cha kwanza kiko kwa mwenzake ambaye naye bado anakihangaikia. Matokeo yake ni wanafunzi wanne, kila mmoja anajua hatua moja ya hesabu asiyoweza kuimaliza.

Tofauti ya pili ni mahali pa kuvunjikia. Katika jigso, kipande kinafundishwa na mwanafunzi mwenzako. Akikielewa vibaya, wote wanakosea kwa kumwamini. Kikundi cha wabobezi kipo ili kuzuia hilo, na humo ndimo mwalimu anapaswa kuwa karibu muda wote. Ukiwa na dakika chache za kuzunguka, zitumie huko kuliko kwenye vikundi mama. Slavin mwenyewe alitengeneza toleo la jigso ambamo wote wanasoma mada nzima kwanza, kisha kila mmoja anabobea kwenye sehemu. Kwa darasa la wasomaji wa viwango tofauti sana, ningeanza na toleo hilo. Katika timu hatari hii ni ndogo, maana mafundisho yametoka kwa mwalimu. Zinavunjikia kwingine: mazoezi yanaweza kugeuka kunakiliana majibu. Dawa ni kutoa karatasi mbili tu za maswali kwa watu wanne, pamoja na majibu ya kujisahihishia, ili kazi yao iwe kueleza kwa nini jibu ni hilo.

Ya tatu ni mahudhurio, ambayo vitabu vingi huipita haraka. Mtoto mmoja asipokuja, jigso ya kikundi chake ina shimo. Dawa ni kumkopa mbobezi wa kikundi jirani, au kupanga tangu mwanzo baadhi ya vikundi viwe na watu wawili kwenye kipande kimoja. Mfano, darasa la 43 na vipande vinne: vikundi mama 10, na vitatu kati yake vina mtu wa tano anayeshirikiana kipande na mwenzake. Kipande kimoja kitakuwa na wabobezi 10 au 11, wengi mno kwa meza moja, kwa hiyo wagawe mara mbili. Katika timu, asiyekuwepo anafanya jaribio akirudi, na hesabu inaendelea. Kama mahudhurio ya darasa lako yanayumba, hoja hii peke yake inatosha kukuelekeza kwenye timu.

Ya nne ni kazi ya mwalimu. Jigso inakula muda kabla ya kipindi: kutafuta matini, kuikata vipande vyenye uzito unaolingana, kuandika maswali ya kuwaongoza wabobezi. Timu zinakula muda baada ya kipindi, kusahihisha majaribio na kuweka pointi kila wiki. Jigso inaweza kufanyika mara moja kisha ikapumzika. Timu zinahitaji mizunguko mitano au sita ndipo pointi za kujipita zianze kuwa na maana.

Na kutegea? Katika jigso mtegeaji hugunduliwa na kikundi mama mara tu zamu yake ya kufundisha inapofika, mbele ya wenzake watatu. Ni mapema, ila ni ukali kwa mtoto asiyesoma vizuri, ambaye anaweza kuonekana mtegeaji kumbe alishindwa kusoma matini yake. Katika timu hugunduliwa kwenye jaribio, faraghani, kwa alama. Kwa wadogo na kwa wasomaji wanaojikongoja, njia ya pili ina huruma zaidi.

Wapo wasiopenda pointi kabisa. Alfie Kohn, mwandishi wa elimu wa Marekani, amezikosoa zawadi za aina hii kwa hoja kwamba zinamfanya mwanafunzi atazame tuzo badala ya somo. Slavin aliendelea kusisitiza kwamba mambo mawili yakienda pamoja, lengo la kikundi na uwajibikaji wa kila mmoja, ndipo mafanikio ya kitaaluma huonekana kwa uhakika. Naegemea upande wa Slavin kwa hesabu na sarufi, na kwa Kohn kwa fasihi. Sioni haja ya kuwa na msimamo mmoja kwa masomo yote.

Kusoma matini ngumu: kufundishana kwa zamu

Hii ni ya kazi moja mahususi, na kwa kazi hiyo haina mpinzani kati ya zote zilizotajwa. Annemarie Palincsar na Ann Brown waliichapisha mwaka 1984, wakiwalenga wanafunzi wanaoweza kutamka maneno yote ya ukurasa lakini hawaelewi walichosoma. Kikundi kidogo kinasoma aya, kisha anayeongoza anafanya mambo manne: anauliza swali la msingi, anafupisha, anafafanua palipokuwa na utata, na anabashiri kitakachofuata. Aya inayofuata anaongoza mwingine.

Mwalimu hukaa ndani ya kikundi mwanzoni na kuonyesha jinsi inavyofanywa, kisha hujiondoa polepole. Hapo ndipo gharama ilipo: katika darasa kubwa huwezi kukaa katika vikundi kumi. Njia ya kukwepa ni kuionyesha mbele ya darasa zima kwa siku kadhaa, kwa aya fupi, hadi wengi waizoee. Ukiirusha kwao siku ya kwanza, "kufupisha" kutageuka kusoma tena aya nzima kwa sauti.

Utafiti wa kikundi

Shlomo Sharan na Yael Sharan, nchini Israeli, waliupanga utaratibu huu katika hatua sita: kuchagua mada ndogo na kuunda vikundi, kupanga uchunguzi, kuchunguza, kuandaa ripoti, kuwasilisha, na kutathmini. Wanafunzi wanachagua nini watafute. Unachukua wiki, si vipindi.

Ukifanikiwa, unafundisha kitu ambacho njia nyingine hazikigusi: kuuliza swali lako mwenyewe na kulitafutia majibu. Ukishindwa, unakuwa ile karatasi moja yenye vichwa sita, iliyorefushwa hadi mwezi. Mstari kati ya mambo hayo mawili ni hatua ya pili. Kila mwanachama awe na swali lake dogo lililoandikwa jina lake, na akabidhi alichokipata kabla ripoti ya pamoja haijaanza kuandikwa. Nisingeujaribu na darasa ambalo halijawahi kufanya hata jigso.

Kupanga watu, na suala la alama

Watu wanne ndio ukubwa ninaoutetea kwa karibu kila mbinu hapa. Wanagawanyika jozi mbili, hakuna anayejificha, na kwenye madawati yasiyohamishika wawili wa mbele wanageuka nyuma tu, kikundi kimepatikana. Mwalimu apange vikundi mwenyewe. Wakijichagua, marafiki watakaa na marafiki, na wale wawili wasiotakiwa na mtu watabaki wamesimama katikati ya darasa wakitazamwa.

Lakini mchanganyiko wa uwezo hautoshi. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba wanafunzi wenye hadhi machoni pa wenzao huzungumza zaidi, na wanaozungumza zaidi hujifunza zaidi. Hivyo kikundi kilichoachwa kijiendeshe kinazidisha tofauti zilizoingia nacho. Alipendekeza kazi zinazohitaji vipaji vya aina nyingi, na mwalimu kutaja wazi, mbele ya kikundi, jambo mahususi ambalo mwanafunzi wa hadhi ya chini amelifanya vizuri. Majukumu ya kupokezana yanasaidia pia, mradi yawe ya kweli. "Mtunza muda" ni jukumu linalompa mtu ruhusa ya kutazama saa. "Mwenye kuuliza kwa nini" ni kazi.

Kuhusu alama, nina msimamo mkali: usitoe alama moja ya kikundi iingie kwenye ripoti ya mwanafunzi. Inamwadhibu mwenye bidii na kumzawadia anayebebwa, na mzazi akija kuuliza huna la kumwonyesha. David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliotaja nguzo tano za kujifunza kwa kushirikiana, waliweka uwajibikaji wa kila mmoja sambamba na kutegemeana. Kikundi kipate sifa, nafasi ya kwanza kutoka nje, jina ukutani, chochote; alama za ripoti zitokane na kazi ya mtu mwenyewe. Nguzo nyingine ya akina Johnson inayosahaulika ni kikundi kujitathmini: dakika tatu za mwisho, kila mmoja anaandika jambo moja lililosaidia kikundi na moja la kubadilisha wakati ujao. Isome hiyo karatasi kabla ya kusoma ripoti yao. Mara nyingi ndimo utakapokuta jina la aliyetegea, limeandikwa kwa adabu.

Ukiwa unaanza kabisa

Anza na jozi kwa wiki kadhaa, hadi kugeukiana na kurudi kimya kuwe ni jambo la sekunde. Ongeza mbinu ya namba kwenye marudio. Hapo chagua kwa somo: mwalimu wa hesabu au sarufi aende kwenye timu, wa historia au sayansi ajaribu jigso kwa mada moja inayokatika vizuri, wa lugha aingie kufundishana kwa zamu. Utafiti usubiri muhula mwingine.

Na vipo vipindi ambavyo ningefuta vikundi kabisa: siku ya kwanza ya dhana ngumu ambayo hakuna hata mmoja darasani anayeijua, siku ya kuandika insha ya mtu binafsi, na siku ya jaribio la vifaa vya maabara ambalo kosa lake linaweza kuunguza mtu. Siku hizo waelekeze wewe mwenyewe kutoka mbele, na jozi zirudi kipindi kinachofuata.